Faili lililopotea Port Botany: programu inaposoma vibaya folda za seva ya mbali

Kwenye ukingo wa kaskazini wa Ghuba ya Botany, kilomita kama 12 kusini mwa katikati ya jiji la Sydney nchini Australia, malori hupanga foleni usiku na mchana yakisubiri kuingia Port Botany. Bandari hii ilifunguliwa mwaka 1979, na ndiyo lango kuu la makontena la jimbo la New South Wales. Makampuni matatu yanaendesha vituo vya makontena hapo: Patrick, DP World na Hutchison. Majina mawili ya mwisho si mageni masikioni mwa msikilizaji wa Afrika Mashariki. Hutchison ndiyo iliyokuwa nyuma ya TICTS, kampuni iliyohudumia makontena ya Dar es Salaam hadi mkataba wake ulipomalizika mwishoni mwa mwaka 2022. DP World nayo ilitia saini mwezi Oktoba mwaka 2023 mkataba wa miaka 30 wa kuendesha sehemu ya bandari hiyo hiyo ya Dar es Salaam.

Mtu anayeitazama Port Botany kutoka ufukwe wa Yarra Bay huona chuma kitupu: meli, winchi ndefu, na masanduku ya rangi yaliyopangwa kama matofali. Asichokiona ni maandishi yaliyotangulia kila sanduku. Kontena lina namba yake, herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho kati ya hizo hutumika kukagua kama nyingine zimeandikwa sawasawa. Namba hiyo husafiri ndani ya mafaili madogo ya maandishi yaliyopangwa kwa utaratibu wa Umoja wa Mataifa unaoitwa EDIFACT. Liko faili la ramani ya meli, linaloonyesha kila kontena limelala wapi. Liko la langoni, linaloeleza nini kimeingia na nini kimetoka. Na liko linalotaja uzito. Faili moja la aina hiyo ni jepesi kuliko picha iliyopigwa kwa simu ya mkononi, lakini bila hilo sanduku la tani 20 halisogei.

Hilo la uzito lina sheria yake. Tangu tarehe 1 Julai mwaka 2016, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unakataza kontena lililojaa kupakiwa melini kabla uzito wake uliothibitishwa haujajulikana kwa upande wa meli na kwa wenye kituo. Kanuni hiyo haikuzuka hivi hivi. Mwezi Januari mwaka 2007 meli ya MSC Napoli ilipasuka ubavu katika mlango wa bahari uliopo kati ya Uingereza na Ufaransa. Wachunguzi walipolinganisha uzito wa makontena ya juu ya sitaha na ule ulioandikwa kwenye hati, moja kati ya kila matano lilikutwa na tofauti ya zaidi ya tani 3. Meli inayopangwa kwa uzito wa uongo huelemewa mahali ambapo nahodha hapatarajii.

Kwa hiyo familia za Kikenya au za Kitanzania zinazoishi Sydney, zikichangishana kujaza kontena moja la vitanda, friji, baiskeli na vitabu vya shule kwenda Mombasa au Dar es Salaam, hutegemea mambo mawili: lori lifike bandarini, na faili la uzito lifike. Lori likipotea njia, dereva hupiga simu. Faili likipotea njia, hakuna anayepiga simu.

Katika biashara ya meli duniani, njia mojawapo ya zamani ya kufikisha faili, ambayo bado inatumika sana, ni hii: wakala wa meli huunganisha kompyuta yake na seva ya upande wa pili, huingia kwa jina na neno la siri, huliweka faili ndani ya folda waliyokubaliana, kisha huondoka. Baada ya dakika chache programu nyingine, ambayo kazi yake ni kuichungulia folda hiyo mchana kutwa na usiku kucha, hulichukua faili, hulisoma, na kulipeleka kunakohusika. Hakuna binadamu anayelifungua. Katika mpango wa namna hii folda si kabati la kuhifadhia vitu tu. Folda ndiyo anwani. Barua iliyotumbukizwa kwenye sanduku la posta la jirani imefika mtaa ule ule, lakini haitasomwa.

Chukua, msikilizaji, mfano wa karani katika ofisi ya wakala karibu na bandari hiyo. Ni Ijumaa alasiri. Makontena yake kumi na mawili yamekwisha kuingia ndani ya uzio, na meli inafunga kupokea mizigo saa kumi na mbili jioni. Karani anatuma faili la uzito kwa programu ile ile aliyoitumia kwa miaka. Alama ya kijani inatokea: faili limefika. Anafungua folda ya seva upande wa kulia wa kioo cha kompyuta na analiona faili lake, jina lake, ukubwa wake na saa yake. Nusu saa baadaye kituo kinamwandikia kwamba makontena kumi na mawili hayana uzito na hayatapakiwa. Anatuma tena. Kijani tena. Kituo kinajibu vile vile.

Hapa ndipo wengi hupoteza saa nzima. Hubadilisha neno la siri, huzima kompyuta na kuiwasha, huiondoa programu na kuiweka upya, hulaumu intaneti. Hakuna hata moja kati ya hayo linalogusa ugonjwa wenyewe. Kama neno la siri lingekuwa na kasoro, karani asingeingia. Kama intaneti ingekuwa imekatika, faili lisingeondoka. Dalili inasema jambo jingine kabisa: faili limefika mahali, na mahali hapo si pale panapochunguliwa. Swali la kuuliza, kwa hiyo, si kama faili limefika. Swali ni limefika wapi.

Jibu limo ndani ya programu yenyewe, kwenye dirisha ambalo watumiaji wengi hulifunga siku ya kwanza kwa kuwa limejaa maandishi wasiyoyataka. Ni kumbukumbu ya mazungumzo. Programu ya kuhamisha mafaili na seva huzungumza kwa zamu, kama mteja na muuza duka: programu hutoa amri fupi kwa herufi chache, na seva hujibu kwa namba ya tarakimu tatu. Namba inayoanza na 2 maana yake kazi imefanyika. Inayoanza na 4 maana yake kuna kizuizi cha muda, jaribu tena. Inayoanza na 5 ni kukataliwa. Mtu asiyejua lolote kuhusu kompyuta anaweza kuyafuata mazungumzo hayo akijua hizo tarakimu tatu za mwanzo tu.

Karani wa mfano huu akilifungua dirisha hilo atasoma mistari michache. Programu imesema CWD, yaani ingia ndani ya folda, ikataja jina VGM kwa herufi kubwa. Seva imejibu 550: hakuna folda ya jina hilo. Programu, bila kumuuliza mtu, imesema MKD, yaani tengeneza folda, kwa jina lile lile. Seva imejibu 257: imetengenezwa. Kisha programu imeingia ndani ya folda hiyo mpya, imetuma faili, na seva imejibu 226: faili limepokewa salama. Kila jibu ni la kweli. Alama ya kijani nayo ni ya kweli. Isipokuwa folda hiyo haina mlinzi, kwa kuwa haikuwapo dakika moja kabla.

Chanzo chake ni kwamba seva ya upande wa pili ilibadilishwa usiku wa kuamkia siku hiyo, kutoka kompyuta ya Windows kwenda kompyuta ya Linux. Katika Windows, kwa kawaida, VGM na vgm ni folda moja. Katika Linux ni folda mbili, kama vile Juma na Jumaa walivyo watu wawili. Folda halisi iliandikwa kwa herufi ndogo, na mipangilio ya karani iliandikwa kwa herufi kubwa, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeijua tofauti hiyo kwa sababu haikuwa na madhara.

Linabaki fumbo moja: kwa nini karani hakuziona folda mbili kwenye kioo chake? Kwa sababu programu nyingi haziiulizi seva kila mara folda inapobofywa. Huitunza orodha ya zamani katika kumbukumbu yao ili zionekane nyepesi, na programu iliyoandikwa na mtu aliyezoea Windows inaweza kuyaunganisha majina mawili yanayotofautiana kwa ukubwa wa herufi tu na kuyaonyesha kama jina moja. Ndiyo sababu hatua ya kwanza kwa mtu mwenye mashaka ni kuilazimisha programu isome orodha upya, na hatua ya pili ni kuitazama seva ile ile kwa programu nyingine tofauti. Programu mbili zikionyesha picha mbili, angalau moja inakisia.

Na kukisia huko kuna historia ndefu. Utaratibu wa FTP, ambao ndio mama wa njia hizi, ulitangazwa mwezi Aprili mwaka 1971 na Abhay Bhushan, mhandisi kutoka India aliyekuwa chuo cha MIT nchini Marekani. Wakati huo hapakuwa na intaneti kama ijulikanavyo leo, na kompyuta zilizounganishwa zilihesabika. Amri za kutengeneza na kufuta folda hazikuingizwa hadi baadaye. Pendekezo lake liliandikwa mwaka 1980. Waraka ambao bado ndio msingi wa FTP ulitolewa mwezi Oktoba mwaka 1985 na Jon Postel na Joyce Reynolds. Ndani ya waraka huo, katika maelezo ya amri iitwayo LIST ya kuomba orodha ya folda, waandishi walikiri waziwazi kwamba sura ya orodha hiyo inatofautiana sana kati ya kompyuta na kompyuta, kwamba inamfaa binadamu anayesoma kwa macho, na kwamba programu itapata taabu kuitumia.

Onyo hilo halikuzuia kitu. Watu walitaka programu zenye picha za folda za rangi ya manjano, na ili kuichora picha hiyo programu ililazimika kuusoma mstari uliokusudiwa macho ya mtu. Seva ya jamii ya Unix huandika ruhusa, mwenye faili, kundi lake, ukubwa, mwezi, siku, saa, na jina mwishoni. Seva ya Windows huandika tarehe, saa, neno la kutambulisha folda, kisha jina, na mara nyingine mwaka huandikwa kwa tarakimu mbili tu. Programu iliyotegemea sura moja ikikutana na nyingine huonyesha folda tupu, au huigeuza folda kuwa faili, au hukata jina lenye nafasi katikati likabaki nusu. Folda iitwayo Mizigo ya Mombasa inaweza kugeuka kuwa folda iitwayo Mombasa, na kila amri inayofuata ikakataliwa kwa 550. Hapo mtumiaji huambiwa folda haipo ilhali anaiona.

Dawa rasmi ilikuja mwezi Machi mwaka 2007, ulipotolewa waraka wenye amri mpya ya MLSD, ambayo huitaka seva itoe orodha kwa sura moja isiyobadilika: hiki ni folda, hiki ni faili, ukubwa ni huu, saa ni hii. Miaka 22 ni mingi kusubiri orodha inayosomeka. Hata hivyo seva za zamani zisizoielewa amri hiyo bado zipo, na programu ikikutana nazo hurudi kwenye kukisia. Mtu anayetafuta kosa aangalie katika kumbukumbu ya mazungumzo kama orodha iliombwa kwa MLSD au kwa LIST. Ikiwa ni LIST, na folda zinaonekana kiajabu, mshukiwa amekwisha kupatikana. Programu nyingi nzuri huruhusu mtumiaji kuitaja aina ya seva badala ya kuiacha programu ibahatishe. Aidha, kuingia kwanza ndani ya folda na kuomba orodha bila kutaja jina lolote ni salama kuliko kuomba orodha kwa jina lenye nafasi ndani yake.

Saa nayo hudanganya, na hapa umbali kati ya Sydney na pwani ya Afrika Mashariki una maana yake. Sydney iko mbele ya Mombasa kwa saa 7, na kwa saa 8 kuanzia mwanzo wa Oktoba hadi mwanzo wa Aprili, Waaustralia wanaposogeza saa zao mbele. Ikiwa Sydney ni saa nne asubuhi ya Jumatatu mwezi Januari, Mombasa ni saa nane usiku. Orodha ya LIST mara nyingi huandika saa ya kule seva iliko na haisemi ni saa ya wapi. Programu iliyopo Mombasa, iliyoagizwa kupeleka tu mafaili yaliyo mapya kuliko yale ya Sydney, italiona faili la Sydney kama limetoka kesho, na itakataa kulibadilisha. Seva nyingi za Unix zina kawaida nyingine ya zamani: faili lisilozidi miezi sita huandikiwa saa bila mwaka, na lililozidi huandikiwa mwaka bila saa. Mwezi Januari, programu inayosoma faili la Desemba hulazimika kubuni mwaka. Anayelinganisha folda za mabara mawili ni afadhali alinganishe ukubwa wa mafaili, au aiulize seva kwa amri ya MDTM, ambayo jibu lake kwa kanuni hutolewa kwa saa ya dunia.

Kuna kosa jingine ambalo sura yake ni tofauti, na hutokea kabla folda yoyote haijaonekana. Karani anaingia, jina na neno la siri vinakubaliwa, kisha orodha haiji. Programu inangoja, inangoja, inakata. FTP hutumia njia mbili: moja ya kuzungumza na nyingine ya kupitishia mizigo, na orodha ya folda huhesabiwa kuwa mzigo. Kinga ya mtandao ya ofisi ikiruhusu njia ya kwanza na kuziba ya pili, mazungumzo yanaendelea lakini hakuna kinachopita. Kubadili kutoka mtindo wa seva kumpigia mteja kwenda mtindo wa mteja kuipigia seva, uitwao pasivu, humaliza tatizo hilo mara nyingi.

Wengi wamekimbilia SFTP, ambayo licha ya kufanana jina ni utaratibu mwingine kabisa, uliojengwa juu ya SSH iliyobuniwa nchini Finland mwaka 1995. Ni uamuzi mzuri: neno la siri halipiti wazi, na taarifa za folda huja katika sura ambayo programu huisoma bila kukisia. Hata hivyo SFTP haimwokoi karani wa herufi kubwa na ndogo, wala haimwokoi aliyekosea mahali pa kuanzia. Seva moja humweka mgeni kwenye mzizi wa diski nzima, nyingine humfungia ndani ya chumba chake na kumwambia hicho ndicho mzizi. Njia inayoanza na mshazari na isiyoanza nao ni njia mbili. Seva ikibadilishwa, njia ile ile hupeleka mahali pengine.

Kuhusu mshazari, Australia yenyewe ina mchango wake. Rsync, programu ya kunakili folda kati ya kompyuta za mbali ambayo hutumiwa duniani kote, ilitangazwa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra. Ni kazi ya akili nyingi: badala ya kutuma faili zima hutuma vipande vilivyobadilika tu. Lakini mshazari mmoja mwishoni mwa jina la folda inayotoka hubadili kila kitu. Ukiwapo, programu hunakili vilivyomo ndani ya folda. Usipokuwapo, hunakili folda yenyewe pamoja na vilivyomo, ikitengeneza folda ndani ya folda. Hilo si kosa la programu, limeandikwa katika maelezo yake. Ila mtu akiongeza kwenye amri hiyo agizo la kufuta upande wa pili kila kisichokuwapo upande huu, na akakosea mshazari, anaweza kufuta folda za miaka kumi kwa pumzi moja. Rsync ina namna ya kufanya jaribio kavu, ambayo huorodhesha kitakachofanyika bila kukifanya, na hakuna sababu ya kuiacha.

Wakati mwingine anayekosea si programu ya mtumaji. Mwaka 2019 ziliwekwa wazi kasoro katika scp, chombo kingine cha kunakili mafaili. Seva yenye nia mbaya iliweza kutuma faili ambalo halikuombwa na kulifunika lililokuwepo ndani ya folda ya mpokeaji. Mizizi ya kasoro hizo ilifika nyuma hadi mwaka 1983, kwa kuwa scp ilirithi tabia za chombo kilichoitangulia. Mwezi Aprili mwaka 2022, toleo la 9.0 la OpenSSH liliifanya scp itumie utaratibu wa SFTP kwa kawaida yake. Anayetumia toleo la kabla ya hapo kwenye seva asiyoiamini ana sababu ya kulibadilisha.

Port Botany imekwisha kuonja inavyokuwa maandishi yanapokatika. Ijumaa ya tarehe 10 Novemba mwaka 2023 DP World Australia iligundua wavamizi ndani ya mtandao wake, ikajitenga na intaneti. Vituo vyake vya Sydney, Melbourne, Brisbane na Fremantle vilikwama hadi Jumatatu ya tarehe 13. Halikuwa tatizo la folda. Lilikuwa shambulio, na taarifa za baadhi ya wafanyakazi ziliibiwa. Lakini kilichotokea uwanjani kinaeleza mengi. Meli ziliweza kupakuliwa. Malori hayakuweza kuingia wala kutoka, na zaidi ya makontena 30,000 yalirundikana. Bidhaa zilikuwepo, zilionekana kwa macho, zingeweza kuguswa kwa mkono. Hakukuwa na njia ya kusema ni za nani na ziende wapi.

Mwendo mfupi kutoka kwenye winchi hizo, upande wa La Perouse, liko jengo la zamani la kituo cha simu za maandishi. Mwaka 1876 waya uliolazwa chini ya bahari uliunganisha La Perouse na New Zealand, na miaka mitatu baadaye waya mwingine kutoka Aden ulifika Zanzibar. Katika zama hizo mtu aliyetuma habari nzito aliweza kulipa ziada ili maneno yake yarudishwe na kulinganishwa na aliyoyaandika, neno kwa neno. Njia nyingi za kutuma mafaili haziifanyi kazi hiyo zenyewe. Anayeitaka lazima aiagize: baada ya kutuma, aiombe seva orodha mpya ya folda, aulinganishe ukubwa wa faili na ule wa kwake, na asubiri faili la majibu ambalo kituo hutuma kinapokuwa kimelisoma. Alama ya kijani si faili la majibu.

Na karani wa Ijumaa alasiri? Akishazigundua folda mbili, jaribio kubwa ni kuifuta ile ya herufi kubwa papo hapo. Asiifute. Programu iliyoshindwa kuzitofautisha folda hizo katika kuonyesha inaweza kushindwa kuzitofautisha katika kufuta, na ikaondoka na ile halisi pamoja na mafaili ya mawakala wengine. Kwanza azime ule mpangilio unaoiruhusu programu kutengeneza folda isiyokuwapo. Arekebishe jina kwa herufi ndogo. Atume faili kwa jina la muda, na likishafika lote alibadilishe liwe jina rasmi, ili mlinzi wa folda asiliokote likiwa nusu. Asubiri majibu. Kisha awapigie simu wenye seva waiondoe folda ya ziada wao wenyewe, na awaulize kama kuna jingine lililobadilika usiku ule. Ikiwa bado ni saa kumi na moja, makontena kumi na mawili yatapanda meli.